Uanachama wa Mama Utumishi

Ukimwendea na shida hakuulizi shida. Anakuuliza, "Umekula?" Na wewe umetoka Salale alfajiri, umekaa kwenye boti na kitoto cha watu kinakutapikia kanga, umepanda gari Nyamisati, umefika ofisini Kibiti na maneno umeyapanga kifuani tayari kwa vita, halafu mama wa watu anakuuliza habari za kula! Siku ya kwanza nilikasirika, sikufichi. Nikamwambia sikuja kula, nimekuja kuomba uhamisho. Akanitazama kwa juu ya miwani, akamwita binti wa chai.

"Mletee mwalimu chapati. Hasira nyingine hizi ni njaa tu."

Nilikula kwa kununa. Nilipomaliza, nusu ya hoja zangu nilikuwa nimezisahau, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa ya kweli. Uhamisho hakunipa.

Wote tulimwita Mama Utumishi: walimu, wauguzi, watendaji wa vijiji, mpaka wauza matunda wa stendi. Alikuwa afisa utumishi wa halmashauri. Ajira yako, likizo yako, kupanda daraja kwako na kustaafu kwako, vyote vilipita mikononi mwake. Jina lake liliandikwa kwenye kibao cha mbao pale mezani, lakini nani alikisoma? Siku hizi kiti kile amekikalia kijana mpole, anajibu ujumbe upesi, sina neno naye. Ila ukitoka kwake unatoka vilevile ulivyoingia. Nikipita kwenye korido ile bado pua yangu inatafuta harufu ya udi aliokuwa akifukizia nguo zake, na moyo unaniuma kijinga tu.

Yeye Mmatumbi wa milimani, mimi Mndengereko wa mtoni, makabila ya utani, kwa hiyo heshima ya ofisi ilivunjika mara tu mlango ukifungwa. "Karibu, mla kambale," ananiambia. "Starehe, mama. Mawe ya kwenu hayajambo?" Anacheka mpaka miwani inashuka puani. Halafu ghafla uso unarudi kuwa wa kiserikali: "Haya, mwalimu, nikusaidie nini?" Hapo utani umekwisha, na ukijitia kuendelea unatolewa nje.

Alichukia barua za kulia. Sisi walimu tunajua kulia kwa maandishi, Mungu atusamehe. "Naishi kwa mateso makubwa", "hali yangu ni tete", na mengine ya namna hiyo. Anakurudishia karatasi yako. "Usinililie kwenye barua. Kwenye barua andika kilichotokea. Kulia utalia hapahapa, kiti hicho." Na watu walilia kweli kwenye kiti kile. Mimi mwenyewe nililia, wakati mama yangu mdogo, aliyenilea, alipokuwa hoi kitandani kule Umwe na mimi niko ng'ambo ya mikoko. Hakunishika bega wala hakunimwagia pole. Alizima simu yake akakaa tu na mimi mpaka nilipomaliza. Kisha akafungua kanuni za ruhusa ya kuuguza, akanisomea. Mume, mke, mtoto, mzazi. Mama mdogo hayumo. Nikaanza kuinuka.

"Kaa chini. Mnaishia njiani nyie," akasema. "Someni mpaka kwenye 'au'."

Na kweli ilikuwepo: au mtu mwingine ambaye mtumishi anawajibika kumtunza. Niliondoka siku ileile. Ndivyo alivyokuwa. Sisi tunaisoma kanuni mpaka pale inapotukataa, tunaifunga, tunalalamika. Yeye aliamini kwamba hata kanuni kali namna gani ina "au" yake mahali fulani, na mwenye haki atapita hapo. Mpaka leo nikifundisha viunganishi darasa la tano, nikifika kwenye neno hilo nacheka peke yangu, watoto wananishangaa.

Msidhani alikuwa malaika. Uhamisho nilimwomba kila mwaka, na kila mwaka alininyima. "Nikikutoa wewe Salale, nani atabaki?" Wewe mwanadamu, hilo ni jibu la kumpa mtu? Nilimchukia kwa hilo, na sijui kama nimeshamsamehe sawasawa. Isitoshe alikuwa mkali wa muda kwa wenzake, ukichelewa kikao anakuachia kiti cha mbele kabisa ili watu wakuone ukipita. Yeye mwenyewe alichelewa vikao vyote, kwa sababu kutoka mlangoni kwake hadi ukumbini alikuwa anasalimia kila kiumbe, na salamu zake hazikuwa za kupita: za wazee, za watoto, za mguu uliokuwa unakuuma mwezi juzi.

Rushwa alikuwa hataki, lakini kamba aliwapenda. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Siku moja nilimpelekea ndoo ya kamba kutoka Salale. Alirudi nyuma na kiti chake.

"Unanihonga, mwalimu?"

"Sikuhongi, mama. Ni kamba tu."

"Wabichi?"

"Wa leo."

Akaitazama ndoo. Akainuka akafunga mlango, akaona haifai, akaufungua tena. Mwisho akaamuru wapelekwe kwa mama lishe nyuma ya ofisi, wakaungwa kwa nazi, wakaliwa na idara nzima, na mlinzi, na mzee mmoja aliyekuja kufuatilia mafao yake. Yeye alikula wa mwisho, kwenye kifuniko cha sufuria, akisema anaonja chumvi tu. Alionja chumvi mpaka sufuria ikakauka.

Maji aliyaogopa kupita kiasi. Akiwa na safari ya kuja kwetu delta, boya lake la kuvaa alilivaa tangu Kibiti, ndani ya gari, anapita nalo barabara ya lami watu wanamtolea macho. Kwenye boti alishika ubao kwa mikono miwili, macho kafumba, midomo inasoma dua mpaka tufike. Na mtu huyohuyo ndiye afisa pekee aliyekuwa akitufuata. Wengine walitutumia ujumbe twende Kibiti. Nikamuuliza kwa nini anajitesa hivyo. Akasema, "Nikiwaita nyie mje, nawaona nyie. Nikija mimi, naona mnapolala." Akishafika haondoki mpaka mwalimu wa mwisho aseme la moyoni, hata nahodha apige kelele namna gani kwamba maji yanatoka na boti itakwama.

Sasa nije kwenye lililokuwa kubwa. Mama Utumishi hakuwa na shahada. Alianza kazi na cheti, akajiendeleza mpaka stashahada, halafu akazaa, akafiwa, akalea, mambo yakaishia hapo. Kiti cha mkuu wa idara kilipokuwa wazi, mkurugenzi alimwita akamwambia, "Mama, hebu kaimu kidogo." Hiyo "kidogo" ilikula miaka! Wakurugenzi walibadilika, kila anayekuja anamkuta anakaimu, naye anamwomba aendelee kidogo. Kuthibitishwa hawezi, hana sifa. Ndivyo wanavyosema maofisini, hana sifa, kwa mtu ambaye wilaya nzima inamsifu. Na vijana aliowapokea kazini akiwaonyesha hata pa kunywea chai, yeye mwenyewe aliwasukuma wakasome, akawapigania ruhusa ya masomo, wakarudi na shahada zao, wengine wakawa wakubwa wake.

Ukimwuliza, "Na wewe je, mama?" anapunga mkono. "Aa, mimi vyeti vya nini utu uzima huu? Waachieni vijana." Tulimwamini. Mimi nilifika mahali namsifia kwa watu kwamba yule mama hana makuu, ameridhika.

Kumbe! Mama wa watu alikuwa anasoma kimyakimya. Kipo chama cha kitaaluma cha watu wa kazi yake, wa rasilimali watu. Kuingia humo si kulipa ada tu ukapewa kadi, kuna mitihani na kuna ngazi. Alikuwa anakwenda Dar es Salaam kuifanya mitihani hiyo, sisi anatuaga kwamba anakwenda kumjulia hali dada yake. Tukawa tunamtumia salamu na ufuta, tunamwombea dada apone. Mingine alifeli akarudia. Akapanda ngazi baada ya ngazi mpaka akawa mwanachama kamili, na ofisini hakuna aliyejua.

Nilijua siku aliponiita, akafunga mlango, akanipa simu yake. Kwenye kioo palikuwa na masharti ya chuo kikuu kimoja, ya kujiunga na shahada ya uzamili ya rasilimali watu.

"Soma, mwalimu. Kwa sauti."

Nikasoma. Mwombaji awe na shahada ya kwanza yenye ufaulu mzuri. Nikashusha simu, nikamwonea huruma.

"Usiishie hapo, wewe!"

Au awe mwanachama kamili wa chama cha kitaaluma kinachotambulika, mwenye uzoefu wa kazi, na afaulu usaili.

"Umeiona?"

"Nimeiona, mama."

"Naisoma kila siku," akasema. "Naogopa wasije wakaifuta."

Nilimtazama usoni nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake. Alikuwa anaogopa, tena kuliko kwenye boti. Muda wake wa kustaafu ulikuwa umekaribia, na mtumishi akishafika ukingoni namna ile ruhusa ya masomo hapewi. Muhula ule ndio uliokuwa wa mwisho kwake. Wakiukataa uanachama wake, anastaafu na stashahada yake na ukaimu wake, basi.

"Ukimwambia mtu nakuhamishia mbali zaidi," akaniambia.

"Wapi tena, mama? Nipo Salale!"

Siri aliitoa mwenyewe. Mhudumu wa ofisi alimwuliza kwa mama lishe mbona siku hizi uso unang'aa, naye furaha ikamponza. "Nikijaliwa naingia chuo kikuu," akajibu, "kwa uanachama wangu."

Loo! Kwetu Kibiti neno uanachama lina maana moja tu, nayo ni kadi ya chama cha siasa. Kabla ya adhuhuri stendi nzima ilikuwa inajua kwamba Mama Utumishi amepewa chuo kwa kadi ya chama. Kesho yake akafika mzee kutoka Mtunda na kadi yake kuukuu kaifunga kwenye nailoni, anataka mjukuu wake aingie uuguzi. "Mimi mwanachama kukupita wewe, mama. Sijakosa mkutano hata mmoja." Mkulima wa korosho akaja na kadi ya ushirika. Akina mama wa kikoba wakatuma mwenyekiti wao aulize, na wao wa kikoba wanaingilia kozi gani? Wote aliwauliza kama wamekula.

Sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye alicheka siku ya kwanza tu. Mtumishi wa umma akisemwa kwamba mambo yake anayapata kwa siasa, hilo si la kuchekea, na je, maneno yakifika chuoni? Mkurugenzi akamwita ajieleze. Alitoka kule uso umemshuka, na mimi niliyekuwa namsubiri nje nikajuta kila kicheko nilichocheka.

Kwenye kikao cha watumishi akaomba nafasi, akasimama. "Jamani, chama si kimoja. Kuna chama cha siasa, kuna ushirika, kuna kikoba. Na kuna chama cha kitaaluma, cha watu wa kazi moja waliofanya mitihani wakafaulu. Mimi nimo humo. Sikupewa na mtu, na kura sijaomba kwa mtu."

Bwana mmoja wa mifugo akanyoosha mkono kwa adabu zote.

"Tumekuelewa, mama. Sasa hicho chama chenu safari hii mnamsimamisha nani?"

Watu walianguka vitini kwa kicheko. Na yeye akajikuta anacheka huku anafuta machozi, na yale machozi sijui yalikuwa ya lipi.

Maombi yake yakapokelewa, akapangiwa usaili wa simu, Alhamisi mchana. Na Jumatano yake, mwanamke yuleyule, akaja Salale kuhakiki watumishi! Nilimwambia ahirisha, mama, hii ni siku yako. Akasema ratiba imeshatoka, atarudi Alhamisi asubuhi maji yakiwa bado yamejaa, atafika Kibiti na nafasi ya kupumua. Nikaomba ruhusa nimsindikize. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya mwisho ya kikazi kwetu.

Asubuhi, tukiwa tumeshashuka kwenye gati, akaja mwalimu mmoja mgeni, binti, macho mekundu, ana lake la kusema. Nahodha akaita, "Mama, maji yanatoka!" Akamjibu, "Aseme amalize." Binti alisema akamaliza. Maji nayo hayakumngoja mtu. Tulipofika katikati ya mkono mwembamba wa mto, boti ikakwaruza, ikalala ubavu kwenye tope. Tukapwelewa. Mikoko huku, mikoko kule, kaa wanatutazama, na saa ya usaili inakuja.

Nilitaka kumlaumu, nikaona hana hata nafasi ya kulaumiwa. Alikuwa ananyoosha simu huku na huku akitafuta mtandao. Mtandao ulipatikana juu tu, kwa hiyo nikapanda kwenye ubao wa kukalia, nikainua simu yake juu kama taa, sauti nimeifungulia nje, yeye amesimama chini yangu na boya lake.

Ikaita. Alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole, na bwana mmoja pembeni yake.

"Mama, uko mahali patulivu?"

"Patulivu sana."

Nahodha alikuwa anachokoa tope kwa kasia, chubwi, chubwi.

"Hiyo ni sauti ya nini?" akauliza bwana.

"Samahani, mheshimiwa. Tumepwelewa."

"Mmefanyaje?"

"Maji yametukimbia. Tumekaa kwenye tope tunayasubiri yarudi."

Walicheka wale, na kicheko chao kilimtuliza. Wakamuuliza habari za kazi, akajibu vizuri, hata mimi juu kule nikaanza kupumua. Kisha bwana akasema, "Huna shahada ya kwanza. Unaomba tuupokee uanachama wako badala yake. Shahada hii unaitakia nini?"

Akaanza. Halmashauri yetu ni changa, wataalamu hawatoshi, walimu wa delta wanahitaji mtu wa kuwasemea, wauguzi vilevile. Yule mama wa chuoni akamkatiza taratibu.

"Hayo tumeyasoma kwenye maombi yako. Lakini halmashauri haikuomba nafasi, mama. Walimu wa delta hawakuomba. Umeomba wewe. Wewe unataka nini?"

Nikadhani mtandao umekatika, nikaangalia, upo. Nikatazama chini. Mama Utumishi alikuwa kafungua mdomo na neno halitoki. Mtu aliyetusemea sisi sote, mmoja mmoja, hajui aanzie wapi kujisemea! Mkono mmoja nimeshika simu juu, wa pili nikamwekea begani.

"Sema, mama," nikamnong'oneza.

"Nataka kusoma," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Nimetaka tangu msichana. Wenzangu wote nimewapeleka mimi, na kila anayeondoka namwonea wivu. Nataka na mimi niitwe mwanafunzi."

Kule wakanong'onezana. Nahodha alikuwa ameacha kuchokoa tope.

"Uanachama wako tulishauhakiki," akasema yule mama. "Ni halali, na tunaupokea. Tulikuwa tumebakiza kukusikia wewe. Kwa upande wetu umepita. Majibu rasmi utayaona kwenye mfumo."

Simu ikakatika. Nikapiga kigelegele mpaka ndege wakaruka mikokoni. Nahodha akasema alhamdulillahi, akagonga boti kwa kasia. Yeye alikuwa amesimama palepale, hajatikisika.

"Mwalimu."

"Naam, mama."

"Nimesema nawaonea wivu?"

"Umesema."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, mama. Hata nahodha kasikia."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Basi tena," akasema. "Sasa siwezi kuwaambia watu kwamba nilikuwa sitaki."